UZI: Kabla ya kupigia makofi ahadi ya kompyuta kwa kila mtoto, soma hii

1/ Wadau, tunaelekea 2027 na msimu wa ahadi umeshafunguliwa. Moja mtaisikia tu: kompyuta kwa kila mtoto, intaneti kwa kila shule. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya umma, Kilifi, ile Kilifi ya bara, mbali na hoteli. Ahadi hii ilishawahi kunifikia mpaka mkononi. Wacha nieleze inavyokuwa ikishashuka kutoka jukwaani. Sitataja mtu wala chama. Kama umekuja kutafuta matusi ya vyama, pita salama.

2/ Historia kidogo. Kampeni za 2013, ahadi ilikuwa vipakatalishi kwa watoto wa darasa la 1. Zabuni ya kwanza ikakwama kwenye mvutano wa kisheria 2014. Mradi ukapangwa upya, vipakatalishi vikageuka vishikwambi (sisi wengine tunaita tableti tu), na vifaa vikaanza kufika shuleni 2016. Mpaka mgao unaisha, vifaa zaidi ya milioni 1 vilikuwa vimepelekwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000.

3/ Kwa hivyo mtu akikwambia "hakuna kilicholetwa," si kweli. Vililetwa. Na akikwambia "tulitimiza, watoto wakapata masomo ya kidijitali," hapo mwambie akae chini muongee. Kuleta kifaa ni kazi moja. Mtoto kujifunza kwa kifaa hicho ni kazi nyingine kabisa. Mabishano yetu mengi mtandaoni yanachanganya hizi mbili, ndiyo maana hayaishi.

4/ Kwetu vilikuja vishikwambi 62, vifaa 2 vya walimu, projekta, na seva ndogo yenye ruta. Hiyo seva ndiyo watu huisahau. Ilibeba masomo ndani yake na kuyarusha kwa vishikwambi bila bando wala intaneti ya nje. Kwa shule kama yetu, hilo lilikuwa wazo zuri sana. Nalisema mapema ili msidhani nimekuja kuponda kila kitu.

5/ Na kitu kingine: umeme. Kwa sababu ya mradi huu, shule nyingi za msingi ziliunganishiwa stima. Yetu ni mojawapo. Kabla ya hapo, kupigisha chapa mtihani ni kupanda boda mpaka sokoni. Hata kama vishikwambi vyote vingeoza, ile stima ilibaki. Nyaya zilipita juu ya nyumba za watu zikaja shuleni, lakini hiyo ni hadithi ya uzi mwingine.

6/ Sasa tuingie ndani. Siku ya kupokea, nilisaini karatasi. Nilichoelewa, na kila mwalimu aliyekuwepo alielewa hivyo, ni kwamba kikipotea kimoja au kikivunjika, ni mimi. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Tukawaomba wazazi mchango wa grili za dirisha na mlango wa chuma. Tukaongeza soja wa usiku. Vifaa vikaingia kabatini, kabati ikapigwa kufuli, na ufunguo nikapewa mimi.

7/ Mwezi wa kwanza nilivitoa kila wiki. Kisha mtoto mmoja akaangusha kimoja, kioo kikapasuka. Nikauliza kinapelekwa wapi kutengenezwa, nikaambiwa nisubiri. Nikasubiri. Baadaye chaji zikaanza kufa, moja baada ya nyingine. Nikaanza kuvitoa mara moja kwa mwezi, halafu mara moja kwa muhula. Mwisho vikawa vinatoka siku za wageni tu, wakija watu wa wizara au mwanasiasa na kamera.

8/ Siku moja 2019 msichana wa Gredi ya 3 akanifuata nikielekea ofisini. Akaniuliza, "Mwalimu, wageni wanakuja lini?" Nikamwambia sijui, kwani una shida gani na wageni? Akasema, "Nataka kumaliza ile hadithi ya sungura." Alikuwa ameianza kwenye kishikwambi muhula uliotangulia. Hakuifikisha mwisho.

9/ Hilo swali sijawahi kulisahau, na sitaki kujitakasa hapa. Lawama ya serikali ipo na tutaifikia. Lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu mimi. Niliogopa kulipa kioo kuliko nilivyoogopa mtoto kukosa hadithi. Walimu wenzangu mnaosoma hii, mnajua nasema nini.

10/ Sasa tuulize kwa nini mwalimu alikuwa anaogopa. Jibu liko kwenye bajeti. Matumizi ya serikali yamegawanywa mara mbili: ya maendeleo na ya kawaida. Maendeleo ni kununua, kujenga, kuzindua. Ya kawaida ni mishahara, ukarabati, stima, mafunzo, chaji mpya. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo. Ni sheria nzuri, inazuia pesa zote kuliwa na mishahara na safari.

11/ Lakini kisiasa, maendeleo ndiyo yenye utepe wa kukatwa. Hakuna mtu aliyewahi kuita waandishi wa habari kuzindua chaji. Kwa hivyo kifaa kinanunuliwa kwa shangwe, halafu gharama ya kukiweka hai inasukumwa kimyakimya mpaka shuleni, kwa mwalimu mkuu na bodi yake. Nayo shule ina nini? Tupige hesabu.

12/ Mgao wa elimu ya msingi bila malipo ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka. Kwa mwaka, si kwa mwezi. Shule ya watoto 400 inapata 568,000, ikiwa pesa zimekuja zote na kwa wakati. Gawa kwa miezi 12: kama 47,000 na ushei. Humo mna vifaa vya kufundishia, maji, stima, ukarabati, mitihani. Haya, niambie, betri 62 za vishikwambi tutaziweka kwenye mstari upi?

13/ Ndiyo maana nawaambia, mtu akiahidi kifaa, msiulize bei ya kifaa. Muulizeni mwaka wa 4 nani atalipa. Kununua ng'ombe si kazi. Kazi ni majani kila siku.

14/ Tusiongee kana kwamba ni sisi peke yetu tuliopitia hapa. Peru ilifanya jambo kama hili, kipakatalishi kwa kila mtoto. Watafiti wakafuatilia shule za msingi 319 za mashambani na kutoa matokeo 2012. Kompyuta ziliongezeka kweli, zaidi ya moja kwa kila mwanafunzi. Alama za hesabu na lugha? Hawakupata dalili kwamba zimepanda. Kifaa peke yake hakikufundisha mtu, na walimu hawakuwa wameandaliwa kukitumia.

15/ Na hapa nyumbani tuna mfano wa upande wa pili ambao wanasiasa hawautaji, sijui kwa nini. Mradi wa Tusome, ulioanza kote nchini 2015. Ulifanya mambo ya kuchosha tu: kitabu kimoja kwa kila mtoto, mwongozo wa mwalimu, mafunzo. Na vishikwambi vilikuwepo! Ila walipewa maafisa wa kusaidia walimu, wale wanaozunguka shuleni. Afisa anakaa nyuma ya darasa, anatazama ukifundisha, anasikiliza watoto wachache wakisoma, anaandika kwenye kishikwambi, mnakaa chini kuzungumza. Kusoma kwa watoto wa madarasa ya chini kukapanda.

16/ Tazama tofauti. Kwa huu mradi mmoja, teknolojia ilikuwa ndiyo lengo. Kwa ule mwingine, lengo lilikuwa mtoto asome, teknolojia ikawa jembe la kazi hiyo. Jembe huchaguliwi kabla hujajua unalima nini. Mkichukua kitu kimoja tu kwa uzi huu, chukueni hicho.

17/ Tuje kwa intaneti. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Darasa langu lilikuwa Gredi ya 4, watoto 51. Nikafungua kikundi cha WhatsApp cha wazazi. Waliokuwa na simu ya kuingia huko walikuwa 14. Nikawa napiga picha zoezi, natuma. Wengine walifuata masomo ya redio, pale ambapo redio ina betri. Mzazi mmoja akaniambia wazi: "Mwalimu, hiyo bando ya hamsini kwangu ni unga." Sikuwa na jibu.

18/ Gredi ya 4 walirudi 12 Oktoba 2020 pamoja na watahiniwa wa darasa la 8 na kidato cha 4. Wengine wakasubiri mpaka Januari 2021. Siku ile ya kwanza niliona darasa limegawanyika. Wale 14 walikuwa wanakumbuka sehemu. Wengi waliobaki hata kushika kalamu walikuwa wamesahau. Na wengine hawakurudi kabisa. Nilikuwa nafikiri nimesaidia darasa langu. Kumbe nilisaidia robo yake, tena robo ambayo nyumbani haikuwa na shida kubwa.

19/ Darasa langu halikuwa ajabu. Sensa ya 2019 ilikuta watu wanaotumia intaneti ni asilimia 22.6 tu ya Wakenya wa miaka 3 na zaidi. Mijini 42.5, mashambani 13.7. Wanaotumia kompyuta: asilimia 10.4. Mambo yamebadilika tangu hapo, simu zimeongezeka. Lakini ukiwa Nairobi unasema "si watoto wasomee mtandaoni tu," kumbuka unaongea na nchi mbili kwa mdomo mmoja.

20/ Na bando yenyewe ina kodi. Ushuru wa bidhaa kwa data na simu ulipandishwa hadi asilimia 20 mwaka 2021. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaushusha hadi 15. Mswada wa 2024 ukataka urudi 20, ukaondolewa baada ya yale maandamano. Juu ya huo ushuru kuna VAT ya asilimia 16. Kwa hesabu hiyo ya 15 na 16, bando ya shilingi 50 ina kodi kama 12 na nusu. Robo. Kwa hivyo mwanasiasa anayeahidi intaneti ya elimu asubuhi na kupigia kura ushuru wa data jioni, tafadhali mwonyesheni post hii.

21/ Kuna pia Hazina ya Huduma kwa Wote, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kampuni za mawasiliano huichangia ili mtandao ufike mahali ambapo biashara peke yake haiupeleki. Hazina hii iliwahi kuunganisha shule za sekondari 884 na intaneti. Ni hatua. Lakini swali ni lile lile: mkataba ukiisha, bili inakuja kwa nani? Na shule za msingi ziko foleni ya ngapi?

22/ Mjadala mwingine unaorudi kila mwaka: kufunga mitandao wakati wa mitihani. Novemba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza kampuni za simu zizime Telegram wakati wa KCSE. Wanaounga mkono wanasema huko ndiko karatasi feki na za wizi huuzwa. Ni kweli, nimeona wanafunzi wakichanga pesa za "lichakato" ambalo halikuwa mtihani hata kidogo. Wanaopinga wanasema unawazimia mamilioni kwa kosa la wachache. Na hilo pia ni kweli.

23/ Msimamo wangu mimi: karatasi haivuji kwa sababu kuna Telegram. Inavuja kwa sababu kuna mtu mzima aliyefungua kasha kabla ya saa. Ukifunga mtandao, wanahamia mwingine, na yule mtu mzima bado ana ufunguo wake. Naona leo tunarudi kwa funguo tu.

24/ Halafu wale wa "simu zinaharibu watoto." Nimekaa na wazazi wakilia kwa sababu ya picha zilizozungushwa za binti yao. Sichezi na hilo. Shule nyingi hazimruhusu mwanafunzi kuja na simu, na kwa kweli darasani inaniondolea vita. Lakini mtoto akifunga shule anaishika. Je, amefundishwa na nani kutambua habari ya uongo, tapeli, au mtu mzima anayejifanya mtoto? Mtaala wa umilisi unataja ujuzi wa kidijitali kama mmoja wa umilisi saba wa msingi. Mtaala unasema hivyo, kabati imefungwa.

25/ Tena tuanze na sisi watu wazima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia data ya mtoto, na picha yake ni data. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila ruhusa ya wazazi. Wanasiasa wangapi wamepiga picha na wanafunzi wangu wakiwa wameshika vile vishikwambi vya siku ya wageni? Hakuna mzazi aliyeulizwa.

26/ Muhimu sana, maana hapa ndipo tunadanganywa kirahisi: nani kazi yake ni ipi? Jedwali la Nne la Katiba liko wazi. Chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni vya kaunti. Shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu ni vya serikali ya kitaifa. Mgombea ugavana akikuahidi kompyuta za darasa la 5, muulize kwa pesa za fungu gani. MCA akikuahidi walimu wa sekondari, mpe maji anywe, amechoka.

27/ Sasa maswali. Chukueni, mbebe mpaka kwa mkutano:
a) Kifaa ni cha kumsaidia mtoto kufanya nini ambacho leo hawezi?
b) Mwalimu atafundishwa lini, siku ngapi, na nani atarudi kumwangalia?
c) Kikivunjika, nani analipa? Iandikwe kwamba si mwalimu.
d) Chaji, stima na intaneti ziko mstari gani wa bajeti mwaka wa 2, wa 3, wa 4?
e) Kinafanya kazi bila intaneti?
f) Mtoto asiyeona au asiyesikia amefikiriwa?
g) Vile vya zamani viko wapi?

28/ Hilo la mwisho mnaweza kuuliza leo, bila kungoja kampeni. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Andika barua: shule hii ilipokea vifaa vingapi, vingapi vinafanya kazi, vingapi viko wapi. Huhitaji wakili. Barua moja yenye muhuri wa kupokelewa inauma kuliko tweet 100.

29/ Nimemaliza vipi mimi? 2021 nilimwendea mwalimu mkuu. Tukakubaliana kwa maandishi, na bodi ikasaini, kwamba kifaa kikiharibika kikitumika darasani, mwalimu halipi. Karatasi moja tu. Tukapata vishikwambi 19 vinavyowaka kati ya 62. Watoto wanne wanne kwa kimoja, Jumanne na Alhamisi. Unajua nini? Wanne kwa kimoja wanabishana, wanaelezana, wanajifunza kuliko mmoja peke yake. Leo vimebaki 11. Bado vinatoka, wageni wawepo wasiwepo.

30/ Yule msichana wa sungura alimaliza shule ya msingi. Darasa lao ndilo la kwanza la mtaala mpya, mwaka huu wameingia Gredi ya 10. Wameambiwa wachague mkondo, sayansi na teknolojia ikiwemo. Anachagua teknolojia akiwa ameshika kompyuta mara chache kuliko vidole vya mikono yake, nami nimechangia hilo. Mtu akisimama jukwaani 2027 na kishikwambi mkononi, sitamzomea. Nitamuuliza alivyoniuliza yeye: wageni wakiondoka, je?

Mwisho wa uzi. Walimu, andikeni hapa chini: kwenu vilikuja vingapi, na ufunguo anao nani? Wazazi, ulizeni. Mwenye hoja ya kunipinga alete na hesabu, tutakaa.